Mtihani wa Mwalimu wa Viziwi: Historia ya Kuthibitisha Ualimu na Nafasi ya Lugha ya Alama kutoka Ulaya hadi Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mtihani ambao mwalimu hutakiwa kuufaulu kabla ya kutambuliwa rasmi kuwa mwalimu wa wanafunzi viziwi. Hoja kuu ni kwamba mtihani huo haukuwa kipimo tu cha maarifa yaliyokuwapo. Ulikuwa pia chombo cha kuamua ni maarifa yapi yahesabiwe kuwa ya ualimu, na ni nani aruhusiwe kuwa nayo. Makala yanaanzia katika karne ya 18, wakati ufundi wa kufundisha viziwi ulipokuwa siri ya familia, yanapitia Kongamano la Milano la 1880 na kuundwa kwa mitihani ya stashahada nchini Uingereza, kisha yanafika Afrika Mashariki, ambako vyuo vya elimu maalumu vilirithi cheti na sehemu ya mtazamo uliokizaa. Inaonyeshwa kwamba kwa karibu karne nzima mtahiniwa aliweza kufaulu bila kujua lugha ya wanafunzi wake, ilhali aliyeijua lugha hiyo tangu utotoni alizuiwa mlangoni. Makala yanahitimisha kwa kujadili maana ya historia hii kwa utahini wa walimu katika nchi za ukanda huu leo.

Istilahi za msingi: ualimu wa viziwi, utahini, lugha ya alama, njia ya usemi, elimu maalumu

1.0 Utangulizi

Mtu anayejiandaa kwa mtihani husoma kile anachotarajia kuulizwa. Kauli hii inaonekana nyepesi, lakini ndani yake mna historia ndefu. Kile kinachoulizwa mwaka baada ya mwaka huwa ndicho kinachofundishwa vyuoni. Kinachofundishwa vyuoni huwa ndicho mwalimu anachoingia nacho darasani. Na kisichoulizwa kamwe, hata kama ni cha lazima kwa mwanafunzi, hubaki kuwa jambo la hiari, la kujifunza baadaye endapo nafasi itapatikana. Kwa hiyo anayetaka kujua taifa fulani limewafikiriaje watoto wake viziwi hana budi kutazama si sheria na hotuba pekee, bali pia karatasi ya mtihani wa mwalimu wao.

Tafiti nyingi kuhusu elimu ya viziwi zimejikita katika mvutano wa njia mbili: njia ya usemi, inayomtaka mtoto kiziwi ajifunze kutamka na kusoma midomo ya wasemaji, na njia ya alama, inayotumia lugha ya mikono, uso na mwili kuwa lugha ya kufundishia. Mvutano huo ni wa kweli na hauwezi kupuuzwa. Hata hivyo, mara nyingi umeelezwa kana kwamba ulipiganwa na wananadharia pekee, katika makongamano na vitabu. Makala haya yanaelekeza jicho mahali pengine: kwenye cheti. Nadharia ikishindwa katika mjadala inaweza kurudi kesho. Lakini mtu aliyenyimwa cheti hawezi kusimama darasani, na hoja yake hunyamaza pamoja naye.

Istilahi moja inahitaji maelezo mapema. Nchini Tanzania jina lililozoeleka ni lugha ya alama, ilhali nchini Kenya watu wengi husema lugha ya ishara au lugha ishara. Makala haya yanatumia lugha ya alama kwa jumla, bila kukusudia kukweza matumizi ya nchi moja juu ya nyingine.

2.0 Kabla ya Mtihani: Siri ya Familia na Mlango wa Paris

Katika nusu ya pili ya karne ya 18, elimu ya viziwi barani Ulaya iliendeshwa kwa namna mbili zilizotofautiana sana. Mjini Edinburgh, Thomas Braidwood alianza kufundisha viziwi mwaka 1760. Shule yake ililipiwa ada, na njia zake za kufundisha zilitunzwa kama mali ya ukoo. Mwaka 1783 alihamia Hackney, karibu na London, na hata shule ya kwanza ya hisani kwa watoto viziwi nchini Uingereza ilipofunguliwa London mwaka 1792, aliyepewa kuiongoza alikuwa Joseph Watson, ndugu wa ukoo uleule. Hapakuwa na mtihani, kwa sababu hapakuwa na haja ya mtihani: mwalimu alitambuliwa kwa kuzaliwa katika familia au kwa kukubali uanagenzi chini yake.

Mjini Paris, Abate Charles-Michel de l'Épée alifuata njia nyingine. Shule aliyoianzisha karibu na mwaka huohuo wa 1760 ilipokea maskini, ilitumia alama katika kufundishia, na masomo yake yalionyeshwa hadharani. Wageni kutoka nchi mbalimbali walikuja kujifunza na kurudi kwao kufungua shule. Baada ya kifo chake mwaka 1789, shule hiyo ilikuwa taasisi ya taifa mwaka 1791, na mrithi wake, Abate Sicard, aliendelea kuwaonyesha wanafunzi wake mbele ya umma. Jambo lililo muhimu zaidi kwa mjadala huu ni kwamba Paris ilizaa walimu waliokuwa viziwi wenyewe. Jean Massieu alikuwa mwanafunzi, kisha akawa mwalimu. Laurent Clerc alikuwa mwanafunzi wa Massieu, naye akawa mwalimu. Ferdinand Berthier alifuata nyayo hizo. Ualimu ulipita kutoka mkono wa kiziwi hadi mkono wa kiziwi mwingine.

Tofauti ya milango hiyo miwili ilidhihirika mwaka 1815, pale Mmarekani Thomas Hopkins Gallaudet alipovuka bahari kutafuta namna ya kufundisha viziwi wa nchi yake. Ukoo wa Braidwood ulimtaka akae kwao kwa muda mrefu akiwa mwanagenzi na aahidi kutunza siri; masharti hayo hakuyakubali. Alipokutana na Sicard, Massieu na Clerc waliokuwa wakionyesha kazi yao London, alialikwa Paris akakaribishwa darasani. Mwaka 1816 alirudi Marekani akiwa na Clerc, na shule yao ilifunguliwa Hartford tarehe 15 Aprili 1817. Hivyo mwalimu mkuu wa walimu wa viziwi nchini Marekani alikuwa kiziwi ambaye hakuwahi kufanya mtihani wowote wa kuthibitishwa. Sifa yake ilikuwa kwamba wanafunzi walimwelewa.

Si sahihi kuupamba wakati huo kupita kiasi. Uanagenzi ulikuwa na udhaifu wake: hapakuwa na kipimo cha pamoja, wala kinga kwa mzazi dhidi ya mwalimu asiyejua kazi, na maarifa yangeweza kufa pamoja na mwenye kuyamiliki. Wale waliodai mtihani baadaye walikuwa na sababu nzuri. Swali ni jinsi sababu hiyo nzuri ilivyobebeshwa mzigo mwingine.

3.0 Milano na Kuzaliwa kwa Mtahini

Kuanzia tarehe 6 hadi 11 Septemba 1880, kongamano la kimataifa la walimu wa viziwi lilikutana Milano. Wajumbe 164 walihudhuria, wengi wao kutoka Italia na Ufaransa. Azimio la kwanza, lililotangaza ubora wa usemi juu ya alama katika kufundisha viziwi, lilipitishwa kwa kura 160 dhidi ya 4. Mjumbe mmoja tu ndiye aliyekuwa kiziwi, naye ni James Denison, aliyetoka Washington. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini kule Milano waliolala kitandani hawakuulizwa, na waliosimama kando yake ndio waliopiga kura.

Maazimio ya kongamano hayana nguvu ya sheria. Yalipata nguvu pale yalipogeuzwa kuwa sifa za ajira. Kama kazi kuu ya mwalimu ni kumfundisha mtoto kutamka, basi mwalimu sharti aweze kusikia matamshi na kuyasahihisha. Kwa mantiki hiyo mwalimu kiziwi aliondolewa bila hata kutajwa. Ilitosha kuandika kwamba mtahiniwa awe na uwezo wa kufundisha usemi. Nchini Ufaransa walimu viziwi walipoteza nafasi zao. Nchini Marekani, ambako mnamo 1870 takriban watu 4 kati ya kila walimu 10 wa viziwi walikuwa viziwi wenyewe, sehemu hiyo ilishuka hadi karibu asilimia 15 kufikia mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia.

Mfano wa Marekani unaonyesha wazi jinsi mafunzo ya ualimu yalivyokuwa uwanja wa mapambano. Mwaka 1891 Edward Miner Gallaudet, mtoto wa Thomas, alitaka kuanzisha idara ya kufundisha walimu katika chuo cha viziwi alichokiongoza mjini Washington. Alexander Graham Bell, anayekumbukwa zaidi kwa simu lakini aliyekuwa mtetezi mkubwa wa njia ya usemi, alipinga mpango huo mbele ya Bunge, akihofia kwamba chuo kingezalisha walimu viziwi. Idara ilifunguliwa, lakini kwa ajili ya wanafunzi wanaosikia. Chuo kilichojengwa kwa ajili ya viziwi kikawa kinafundisha ualimu wa viziwi kwa watu wasiokuwa viziwi.

Uingereza nayo ilijenga mfumo wake wa kutahini katika kipindi hichohicho. William Van Praagh alikuwa tayari akiwaandaa walimu wa njia ya usemi mjini London tangu mwanzoni mwa miaka ya 1870, na chuo kingine cha njia hiyo kilifunguliwa Ealing mwaka 1878. Mwaka 1885 kiliundwa Chuo cha Walimu wa Viziwi, ambacho kazi yake ya msingi haikuwa kufundisha, bali kutahini na kutoa stashahada. Miaka minne baadaye, Tume ya Kifalme ilipendekeza kwamba watoto viziwi waanze kwa kufundishwa kwa njia ya usemi, na sheria ya 1893 ikawalazimisha viziwi wa kati ya miaka 7 na 16 kwenda shule. Shule zikaongezeka, mahitaji ya walimu yakaongezeka, na stashahada ikawa na thamani. Baada ya vyombo mbalimbali vya walimu kuungana mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, na baada ya Chuo Kikuu cha Manchester kuanzisha mafunzo yake mwaka 1919 chini ya Irene Goldsack, ualimu wa viziwi ulikuwa taaluma kamili: una chuo, una kitabu, una mtihani.

4.0 Kitabu cha Mtahiniwa: Arnold na Farrar

Kila mtihani una kitabu chake, na kitabu cha mtihani huu kina historia inayostahili kutazamwa kwa karibu. Thomas Arnold, mchungaji wa Northampton aliyekuwa na shule ndogo ya viziwi, aliandika mwongozo wa walimu uliotoka mwaka 1888, na sehemu yake ya pili mwaka 1891. Mtahiniwa aliyeupitia alikutana na historia ya elimu ya viziwi, maumbile ya sikio na ya ala za sauti, utaratibu wa kufundisha herufi moja baada ya nyingine hadi sentensi, na hoja ndefu za kutetea njia ya usemi.

Mwaka 1901 mwongozo huo ulitolewa upya baada ya kupitiwa na kuandikwa tena na Abraham Farrar. Farrar, aliyezaliwa mwaka 1861, alikuwa kiziwi. Alipoteza uwezo wa kusikia akiwa mtoto mdogo, akafundishwa na Arnold mwenyewe, na mnamo 1881 alifaulu mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha London. Alikuwa msomi wa historia ya elimu ya viziwi, mkusanyaji wa vitabu adimu vya fani hiyo, na muumini wa njia ya usemi kama mwalimu wake.

Hali hii inahitaji kupimwa kwa utulivu. Watahiniwa wanaosikia walijiandaa kwa mtihani wao kwa kutumia kitabu kilichoandikwa upya na kiziwi. Maarifa yake yalitosha kuwafunza walimu, kuwapangia sura za kusoma na kuwasahihishia historia yao wenyewe. Lakini katika mfumo uliopima ualimu kwa uwezo wa kusikiliza na kurekebisha matamshi, mtu kama yeye hakuwa na nafasi ya kuwa mwalimu wa kawaida wa darasa. Baadaye masharti ya afya kwa wanaoingia vyuo vya ualimu nchini Uingereza yaliimarisha kizuizi hicho kwa muda mrefu. Farrar hakuwa mpinzani wa mfumo. Alikuwa mfano wake bora kabisa. Kwa sababu hiyo ushahidi wake una uzito wa pekee: mfumo ambao haukuweza kumpa nafasi hata mwanafunzi wake aliyefanikiwa zaidi haukuwa ukipima maarifa peke yake.

5.0 Kilichoulizwa na Kisichoulizwa

Maswali kuhusu mfupa wa sikio, koo na ulimi si maswali mabaya. Mwalimu anayejua sababu za uziwi na viwango vyake humsaidia mzazi na humwepusha mtoto na lawama ya ukaidi. Baadaye, vipimo vya usikivu na vifaa vya kusaidia kusikia vilipoimarika, maarifa hayo yaliongezeka thamani, hasa kwa mtoto mwenye mabaki ya usikivu. Tatizo lilikuwa katika mizani. Mtahiniwa alitakiwa kuujua mwili wa mwanafunzi kuliko lugha yake.

Udhaifu wa mizani hiyo unaweza kuonyeshwa kwa mfano wa Kiswahili. Mtu akitazama midomo ya msemaji anayetamka maneno baba, mama na papa, bila kusikia sauti, haoni tofauti yoyote. Sauti zote tatu, b, m na p, hutamkwa kwa kuifumba na kuifumbua midomo. Kinachozitofautisha kiko kooni na puani, mahali ambapo jicho halifiki. Vivyo hivyo, k na g hutamkwa nyuma ya kinywa. Mtoto aliyeambiwa asome midomo anatakiwa akisie, na ili akisie vizuri sharti awe tayari anaijua lugha. Lakini lugha hiyo ndiyo anayotakiwa kujifunza kwa kusoma midomo. Huu ni mzunguko ambao mtoto anayesikia hajawahi kuingizwa ndani yake.

Kisichoulizwa ni sarufi ya lugha ambayo watoto walikuwa wakiitumia wenyewe mabwenini na uwanjani. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba haina sarufi, kwamba ni vitendo vya kuigiza tu. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu wa Kiingereza katika chuo kilekile cha Washington, alichapisha uchambuzi wake ulioonyesha kwamba alama za viziwi wa Marekani zina vijenzi vinavyopangwa kwa kanuni, kama ilivyo kwa sauti za lugha zinazosemwa. Msomi wa Kiswahili hapaswi kushangazwa na jambo hili. Neno nimekupa limebeba mtendaji, wakati, mtendewa na kitendo katika umbo moja. Katika lugha nyingi za alama, kitenzi cha kutoa kinaweza kubeba mtoaji na mpokeaji kwa mwelekeo mmoja wa mkono kutoka kwa anayeongea kwenda kwa anayeambiwa. Mkono ukigeuza mwelekeo, maana inakuwa umenipa. Mwalimu asiyejua hili huona mkono ukipunga. Anayelijua huona sentensi.

6.0 Afrika Mashariki: Cheti Kilichorithiwa

6.1 Shule za Awali

Shule za kwanza za viziwi katika ukanda huu zilianzishwa kuelekea mwisho wa ukoloni na mwanzoni mwa uhuru. Nchini Kenya, chama cha kuhudumia watoto viziwi kiliundwa mwaka 1958, na shule za Nyangoma na Mumias zilifunguliwa mwaka 1961. Nchini Tanganyika, shule ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1963 chini ya Kanisa Katoliki, na ile ya Buguruni, Dar es Salaam, ilifuata mwaka 1974. Shule hizo zilipokea watoto ambao hapo awali hawakuwa na mahali popote pa kwenda, na heshima hiyo haiwezi kuondolewa. Lakini zilizaliwa katika kipindi ambacho njia ya usemi ilikuwa ndiyo taaluma yenyewe. Walimu wa kwanza walifunzwa na watu waliofunzwa kwa mitihani iliyojadiliwa hapo juu, na alama zilikuwa jambo la nje ya darasa.

6.2 Njia ya Foster

Wakati huohuo njia nyingine ilikuwa ikitembea barani Afrika. Andrew Foster, Mmarekani Mweusi aliyekuwa kiziwi tangu utotoni, alihitimu katika Chuo cha Gallaudet mwaka 1954, akiwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada chuoni hapo. Mwaka 1957 alifungua shule mjini Accra. Katika miaka 30 iliyofuata alianzisha zaidi ya shule 30 katika nchi 13 za Afrika, zikiwamo nchi zinazozungumza Kiswahili. Hakungoja walimu wenye stashahada kutoka ng'ambo. Aliwachukua vijana viziwi, akawapa mafunzo ya ualimu, kisha akawarudisha kwao kufundisha. Alifariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda tarehe 3 Desemba 1987, akiwa bado safarini katika kazi hiyo.

Njia ya Foster imekosolewa, na sehemu ya ukosoaji huo ni ya haki. Alama alizozisambaza zilitokana na lugha ya alama ya Marekani, na mahali pengi ziliathiri au kufunika alama za wenyeji. Vilevile, walimu wake wengi hawakuwa na cheti kilichotambuliwa na serikali, hivyo walibaki na mishahara midogo na vyeo vya chini. Hata hivyo, kihistoria alirudisha kile ambacho Milano ilikivunja: ualimu unaopita kutoka kwa kiziwi hadi kwa kiziwi. Kwa namna fulani alikuwa Clerc wa pili, akivuka bahari kwa upande mwingine.

6.3 Vyuo vya Elimu Maalumu

Kuanzia miaka ya 1980, serikali za ukanda huu zilianza kujenga vyuo vyao vya kuwathibitisha walimu. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, inayojulikana kwa kifupisho cha KISE, ilianzishwa kisheria mwaka 1986 jijini Nairobi kwa msaada wa Denmark. Uganda ilijenga taasisi yake ya elimu maalumu Kyambogo, ambayo mwaka 2003 iliunganishwa na vyuo vingine kuunda Chuo Kikuu cha Kyambogo. Tanzania ina Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha. Kupitia vyuo hivi, mwalimu wa viziwi wa Afrika Mashariki hakulazimika tena kwenda Ulaya kutafuta cheti.

Maisha ya mtahiniwa wa vyuo hivi yana sura yake. Wengi ni walimu walio kazini tayari, waliopangiwa shule au kitengo cha viziwi kabla ya kupata mafunzo, na wanaosoma wakati wa likizo za shule huku wakilea familia. Wanasoma sababu za uziwi, vipimo vya usikivu, saikolojia ya mtoto, mbinu za kufundishia, sheria za elimu, na lugha ya alama. Neno la mwisho katika orodha hii ni mapinduzi. Lugha ambayo haikuwamo katika mwongozo wa Arnold isipokuwa kama jambo la kuepukwa, sasa ina karatasi yake. Lakini mapinduzi hayo hayakuja kwa siku moja. Njia ya kuchanganya usemi na alama ilipoanza kujaribiwa Machakos katikati ya miaka ya 1980, alama zenyewe zilipangwa kwa kufuata mpangilio wa maneno ya Kiingereza. Lugha ya alama iliingia darasani kwanza ikiwa mtumishi wa lugha nyingine, kabla ya kutambuliwa kuwa lugha kwa haki yake.

7.0 Sheria, Lugha na Swali la Mtahini

Mabadiliko makubwa ya kisheria yalikuja katika kizazi kilichofuata. Katiba ya Uganda ya 1995 iliitaka dola ikuze lugha ya alama kwa ajili ya viziwi, na mwaka 1996 Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bungeni. Katiba ya Kenya ya 2010 iliitaja Lugha ya Ishara ya Kenya miongoni mwa lugha zinazopaswa kukuzwa, na ikaifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mwezi Julai mwaka huohuo, kongamano la kimataifa la elimu ya viziwi lililokutana Vancouver liliyakana rasmi maazimio ya Milano, miaka 130 baada ya kupitishwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ambao Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unazitaka nchi katika kifungu chake cha 24 ziajiri walimu wenye ujuzi wa lugha ya alama, wakiwamo walimu wenye ulemavu.

Katika Kenya, mabadiliko hayo yaliigusa moja kwa moja nafasi ya Kiswahili. Mtahiniwa kiziwi wa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, uliofanyika kwa mara ya mwisho mwaka 2023, aliruhusiwa kufanya karatasi ya Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili. Mpangilio huo ulimtambua mtoto kiziwi kuwa mwenye lugha. Ulizua pia wajibu mpya: kama mwanafunzi anatahiniwa katika lugha ya alama, basi mwalimu wake hawezi kuijua kwa kiwango cha chini kuliko mwanafunzi mwenyewe. Hali hiyo ya ajabu hutokea kila mahali ambapo mwalimu aliyefaulu karatasi ya alama chuoni anafika shuleni na kukuta kwamba watoto wa darasa la tatu wanaongea kwa kasi asiyoiweza.

Tanzania inatoa upande mwingine wa suala hili. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na mtoto kiziwi hukutana nacho hasa kikiwa katika maandishi. Kwake ngeli na upatanisho wa kisarufi si mambo aliyoyasikia akiwa mgongoni mwa mama yake. Ni kanuni za lugha ya pili anayoipata kwa macho. Mwalimu anayesahihisha insha yake na kuandika kwamba mtoto hajui Kiswahili anaweza kuwa hajatambua kwamba sentensi hiyo imefuata mpangilio wa Lugha ya Alama ya Tanzania. Kwa hiyo mwalimu wa viziwi ni mwalimu wa lugha mbili, na mtihani wake ungepaswa kumtazama hivyo.

Hapa ndipo linapokuja swali ambalo historia imeliacha wazi: nani ni mtahini? Karatasi ya maandishi kuhusu lugha ya alama inaweza kusahihishwa na yeyote mwenye mwongozo wa majibu. Inaweza kuuliza historia ya lugha hiyo, vijenzi vyake na umuhimu wake, na mtahiniwa akafaulu vizuri bila kuwa na uwezo wa kumweleza mtoto kwa nini mvua hunyesha. Uwezo huo wa pili hupimika tu mbele ya mtu anayeijua lugha hiyo kwa undani. Kwa mtazamo huu, kumweka kiziwi katika jopo la watahini si suala la huruma wala la uwakilishi peke yake. Ni suala la usahihi wa kipimo. Hakuna anayekubali mtihani wa mdomo wa Kiswahili usimamiwe na mtu asiyeongea Kiswahili.

Ni kweli kwamba vipo vikwazo halisi. Walimu viziwi wenye sifa za kitaaluma ni wachache, kwa sababu wanafunzi viziwi wanaofika vyuo vikuu ni wachache. Na wanafunzi hao ni wachache kwa sababu, katika shule nyingi, hawakufundishwa kwa lugha waliyoielewa. Uchache huo hauwezi kutumiwa kuhalalisha kutokuwapo kwao katika utahini, kwa kuwa ni zao la kutokuwapo kwao katika ufundishaji. Inafaa pia kukumbuka kwamba Clerc, Massieu na Berthier hawakutokea kwa bahati. Walitokea kwa sababu shule yao iliwafundisha kwa alama na kisha ikawapa darasa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia mtihani wa mwalimu wa viziwi kutoka enzi za siri ya ukoo wa Braidwood hadi vyuo vya Nairobi, Kyambogo na Patandi. Imebainika kwamba mtihani ulileta faida ya kweli: uliifungua siri, ukaifanya kazi kuwa taaluma, na ukampa mzazi uhakika fulani. Imebainika pia kwamba, kwa kuja pamoja na ushindi wa njia ya usemi, mtihani huohuo uliiondoa lugha ya alama katika maarifa ya mwalimu na kuwaondoa viziwi katika orodha ya wanaoweza kuwa walimu. Kisa cha Abraham Farrar, aliyeandika upya kitabu cha watahiniwa bila mfumo huo kuwa na nafasi kwa mwalimu wa aina yake, kinaonyesha kwamba kilichokosekana hakikuwa uwezo wa viziwi.

Nchi za Afrika Mashariki zimefika mahali ambapo Uingereza ya 1885 haikufika: zina katiba na mikataba inayoitambua lugha ya alama, na zina karatasi za mtihani zinazoiuliza. Kilichobaki ni kulinganisha mtihani wa mwalimu na sheria hizo katika mambo mawili. La kwanza ni kumpima mtahiniwa katika kuelewa na kueleweka kwa lugha ya alama, ana kwa ana, na si katika kuandika habari zake tu. La pili ni kuhakikisha kwamba miongoni mwa wanaompima yumo mwenye lugha hiyo. Mwanachuo atakayejua kwamba mbele yake ataketi mtahini kiziwi atajiandaa kwa namna tofauti: atafunga daftari jioni, atatoka kwenda mahali viziwi wanapokutana, na kuanza kuongea nao.